Msaada Ulio na Kiasi: Maneno juu ya Tiba ya Viungo



Katika sikukuu ya jubilei ni desturi yetu kuhesabu majengo. Twasema, kanisa hili lilijengwa mwaka fulani, na shule ile iliezekwa mabati mwaka fulani. Ni vema, kwa maana asiyekumbuka alichopewa hashukuru. Lakini mimi nimeombwa niseme juu ya kazi isiyoonekana kama jengo, nayo ni kazi ya kumrudishia mtu nguvu za viungo vyake: mtoto apate kusimama, kijana aliyevunjika mguu arudi kazini, na mzee aliyepatwa na kiharusi ale kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hii huitwa fiziotherapia, na wengi huiita tiba ya viungo. Shirika la Afya Duniani limetoa hesabu ya kuwa mwaka 2019 watu kama bilioni 2.4 ulimwenguni walikuwa na hali ambayo ingepata nafuu kwa huduma za utengamao, na tiba ya viungo imo ndani yake. Hao ni kama mtu mmoja katika kila watu watatu. Basi hii si habari ya watu wachache walioketi ndani. Ni habari ya kila nyumba, ama leo ama kesho.

Wako wanaodhani ya kuwa kazi hii ni kukanda tu. Zamani ilikuwa karibu na hivyo. Mwaka 1894 wauguzi 4 wa London waliunda chama cha wanawake waliofundishwa kukanda, ili kazi yao iwe na mafunzo ya kweli na heshima mbele ya watu. Lakini baadaye vilikuja vita vikuu viwili, na ugonjwa wa polio, na majeruhi na watoto wakawa wengi. Ndipo ilipodhihirika ya kuwa mtu hapati kutembea kwa kulala akikandwa. Kukanda hufariji, tena kwaweza kupunguza maumivu. Bali msuli hupata nguvu kwa kutumiwa na mwenyewe. Tangu hapo kazi ya mtaalamu imekuwa zaidi ya kumfanyia mgonjwa jambo. Kazi yake ni kumfundisha mgonjwa kulifanya.

Neno langu la leo, basi, ni moja. Huruma ni njema, lakini peke yake haitoshi. Msaada sharti uwe na kiasi. Ukipungua, mgonjwa huanguka. Ukizidi, mgonjwa hudhoofika mikononi mwa wampendao. Kukijua kiasi hicho, na kukibadilisha kila mgonjwa anapoendelea, ndio ujuzi wenyewe.

Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kwanza habari za mifupa, misuli na mishipa ya fahamu, na jinsi moyo na mapafu yafanyavyo kazi. Kisha hufundishwa kupima. Hupima goti lapinda kwa nyuzi ngapi, na bega lainuka hata wapi. Tena hupima nguvu ya msuli kwa madaraja 6, tangu 0 hata 5. Sifuri ni msuli usiotikisika hata kidogo. Moja ni msuli unaotikisika chini ya vidole vya mpimaji, lakini kiungo hakiendi. Mbili ni kiungo kiendacho iwapo hakibebi uzito wake, kama mkono unaoteleza juu ya meza. Tatu ni kiungo kinachoweza kujiinua chenyewe. Nne ni kile kijiinuacho na kustahimili kusukumwa kidogo. Tano ni nguvu kamili.

Ninyi walimu mwajua faida ya kupima. Mwenye mkono wa daraja la 2 akiambiwa ainue kikombe atashindwa, na kushindwa kila siku huvunja moyo. Lakini mwenye mkono wa daraja la 3 akinyweshwa uji na dada yake kila asubuhi, mkono ule utafikaje daraja la 4? Ni kama mwalimu amfanyiaye mtoto hesabu zake zote: daftari litakuwa safi, na mtoto hatajua kitu. Kwa hiyo mtaalamu huweka mkono wake chini ya kiwiko cha mgonjwa, akachukua sehemu ya uzito, sehemu nyingine akamwachia. Siku baada ya siku huchukua kidogo zaidi cha ule uzito, hata mwisho mkono wake uko pale kwa ajili ya hatari tu. Jambo hili halifahamiki kwa kusoma kitabu. Hufahamika kwa kushika mikono mingi chini ya macho ya mwalimu.

Natuutazame umri wote wa mwanadamu, tukianza na mtoto mchanga. Katika watoto kama 1,000 wanaozaliwa duniani, mmoja huzaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliogeukia ndani. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alionyesha njia ya kuunyosha bila upasuaji mkubwa. Mguu hugeuzwa polepole kwa mikono, ukafungwa plasta ngumu. Plasta hubadilishwa kila juma kwa majuma machache. Na mara nyingi mshipa mnene wa kisigino hukatwa kidogo ili urefuke. Kisha mtoto huvikwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 katika 24 kwa muda wa miezi 3, na baada ya hapo usiku na wakati wa kulala tu, hata afike miaka 4 au 5. Hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, katika wilaya ya Kinondoni, hutibu watoto wa namna hii.

Hapa huruma hutujaribu. Mguu umekwisha kunyooka, mtoto analia usiku, na bibi anasema, Mvueni, mnamtesa mtoto. Viatu vinavuliwa usiku mmoja, kisha mwingine, na mguu unarudi ulikotoka. Kazi ya daktari ilikuwa ya majuma. Kazi ya mama ni ya miaka, na mama huyo ahitaji mtu wa kumtia moyo. Jirani amwambiaye avumilie amesaidia kuutibu mguu ule. Lakini mtoto akilia kupita kawaida yake, au ngozi ikichubuka, na arudishwe hospitali, kwani huenda kiatu hakikumkaa vema.

Yuko tena mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Huenda ubongo wake uliumia kabla ya kuzaliwa, au alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alizaliwa kabla ya miezi kutimia, au alipatwa na manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Hakurogwa, wala mama yake hakukosa lolote. Jeraha lile la ubongo haliondoki. Lakini mtoto aweza kujifunza mengi, na umri wa uchanga ndio wakati ambao ubongo hujifunza upesi. Mtoto wa kawaida hukaa bila kushikwa kabla ya kufika kama miezi 9, na hutembea peke yake kabla ya kufika kama miezi 18. Aliyepita miezi hiyo asiitwe mvivu, wala tusingoje tukisema atatembea tu. Apelekwe akapimwe. Na nyumbani asilishwe amelala chali, kwa maana chakula chaweza kuingia katika njia ya hewa. Akae wima, kichwa kimeinama kidogo mbele. Wala asibebwe mgongoni mchana kutwa kwa kuhurumiwa. Mgongoni mwa mama yuko salama, lakini shingo na kiuno vyake havipati kazi.

Mtoto akifika shuleni, huruma humfuata huko. Wenziwe wakitoka kucheza, yeye huambiwa, Wewe kaa kivulini. Mwalimu amesema hivyo kwa wema, na mtoto amejifunza ya kuwa mahali pake ni kivulini. Nawasihi, walimu, mpeni sehemu yake kwa kadiri aliyoambiwa na mtaalamu wake: arushe mpira ameketi, ahesabu mabao, asimame kwa magongo wakati wa kuimba. Wilaya ya Temeke ina mifano ya kutazama. Mgulani ipo shule ya Matumaini ya Jeshi la Wokovu, iliyofanywa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Na Yombo kipo chuo ambako watu wenye ulemavu hufundishwa kazi za ufundi. Mahali kama hapo mtu huulizwa, Waweza kufanya nini? Naye akiulizwa kila siku, hujitahidi kupata jibu.

Twende kwa vijana. Kila mmoja wetu amjua kijana aliyeanguka na bodaboda katika barabara ya Kilwa, au ya Morogoro, au katika njia zetu za mchanga. Muhimbili ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, na huko mifupa mingi imeungwa. Lakini mfupa kuunga ni nusu ya safari. Goti lililokaa miezi bila kupindwa hukaza, na paja hunyauka. Kwa hiyo, daktari akiruhusu, vidole vya mguu vichezeshwe hata plasta ingali mguuni, na goti likunjwe na kunyoshwa kila siku plasta ikiisha kutolewa. Maumivu kiasi yatakuwapo. Asiyeelezwa hayo mapema hudhani anaumizwa, akaacha.

Na ikiwa mguu ulikatwa chini ya goti, liko jambo dogo ambalo nyumba nyingi hazijui. Ndugu humwekea mgonjwa mto laini chini ya goti apate raha. Goti likikaa limekunjwa hivyo majuma mengi, misuli na kano hufupika, na siku ya kuvaa mguu wa bandia goti halinyooki. Mjini Moshi kipo chuo kiitwacho TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia, na watu wa nchi nyingi za Afrika wamesoma hapo. Lakini fundi hodari afanye nini, ikiwa goti limekwisha kukazwa na mto uliowekwa kwa upendo? Goti na likae limenyoka, hata kama mgonjwa ataomba mto.

Sasa natuseme juu ya kiharusi, maana mjini mwetu si mgeni. Kati ya miaka 2003 na 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu moja ya Dar es Salaam, na hesabu yao ikachapishwa mwaka 2010. Walipokwisha kusawazisha umri wa watu ili kulinganisha kwa haki, walipata kwa mwaka mmoja kama wagonjwa 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 hapa Dar es Salaam. Na shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo chanzo kikubwa cha ugonjwa huu. Basi tupimwe damu yetu kabla, tusingoje kupooza.

Aliyekwisha kupatwa naye asiachwe kama mtu aliyemaliza kazi yake duniani. Sehemu ya ubongo iliyo nzima yaweza kujifunza kazi ya ile iliyoharibika, kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi. Tena nafuu kubwa huja katika miezi ya kwanza, kwa hiyo siku zile zisipotee. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda. Asivutwe kwa mkono uliopooza anapoinuliwa, kwa maana bega lile halina misuli ya kulishika na laweza kuteguka, ashikwe kiunoni. Akiweza kushika kijiko kwa kutetemeka, aachwe akishike, ijapo nusu ya uji itamwagika. Uji hufutwa kwa kitambaa.

Lakini angalieni, bidii nayo ina kiasi chake. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 5, kwa wagonjwa 2,104 wa kiharusi. Wengine waliamshwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, wakafanyishwa mazoezi mara nyingi. Wengine waliamshwa kama ilivyokuwa desturi ya hospitali. Baada ya miezi 3, wale waliokazaniwa sana walipata nafuu haba kuliko wenzao. Maana yake si kwamba mgonjwa asiamshwe. Maana yake ni kwamba siku ya kwanza si siku ya kumshurutisha. Aanze kidogo, kisha aongezewe. Na ndiyo sababu kazi hii yataka mtu aliyefundishwa, wala haitoshi mtu mwenye moyo wa bidii tu.

Tumalizie na wazee. Mzee aliyeanguka mara moja huogopa kuanguka tena, na wanawe huogopa zaidi yake. Huambiwa, Baba, usiondoke barazani, tutakuletea kila kitu. Mwaka unapita, miguu inanyauka kwa kukaa, na siku ile anaposimama, ndipo aangukapo kweli. Huko Boston, mwaka 1990, yalitangazwa matokeo ya mazoezi ya wazee 10 wenye umri wa miaka kama 90, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Waliinua uzito kwa miguu majuma 8, wakiangaliwa. Katika 9 waliomaliza, nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa msuli wa miaka 90 wasikia ukiitwa, basi wa miaka 65 hauna udhuru. Nyumbani hatuhitaji vyuma. Kiti kigumu kikiegemezwa ukutani, na mtu akisimama kando, mzee asimame na kukaa mara chache, asubuhi na jioni. Na akizoea aongeze. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari kwanza.

Katika umri huu wote mwaona jambo moja: sehemu kubwa ya kazi haifanyiki hospitali. Juma moja lina saa 168. Mgonjwa aendaye kwa mtaalamu mara 2 kwa juma, saa moja kila mara, amekuwa naye saa 2. Saa 166 yuko na ninyi. Na hata hizo saa 2 zina gharama. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Wengi wa Kinondoni huelekea hospitali ya Mwananyamala, na wengi wa Temeke huelekea hospitali ya Temeke. Mama wa Mbagala aliyebeba mtoto wa miaka 6 asiyeweza kutembea, akingoja daladala yenye nafasi, huhesabu nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kuhesabu mazoezi. Akikosa nauli mara 3, hukata tamaa. Nasi husema kwamba hakujali.

Kwa sababu hiyo mtaalamu mwema huijua nyumba ya mgonjwa. Kumfundisha mtu kupanda ngazi za hospitali zenye chuma cha kushikilia, na kumbe nyumba yake ya Tandika haina ngazi ila ina kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua, ni kumwandaa kwa safari ya mtu mwingine. Yafaa aulize: Choo chenu ni cha kuchuchumaa? Walala kitandani au mkekani? Maji wayateka wapi? Wataka kurudi kufanya nini? Huyu atajibu kukuna nazi, yule kupanda daladala, na mwingine kupiga magoti kanisani. Jibu lile ndilo mazoezi yake.

Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya Shirika la Msamaria Mwema, na hapo wataalamu wetu wengi wa tiba ya viungo wamesomea. Jina lile latukumbusha habari tunayoijua sote. Twamsifu sana Msamaria kwa mafuta na divai, na kwa kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Lakini yeye aliondoka kesho yake. Aliyebaki na yule mtu, akamwona akisimama siku ya kwanza na kujaribu hatua, ni mwenye nyumba ya wageni. Na Msamaria alijua ya kuwa kazi ile yataka muda na fedha, akaacha vyote viwili. Sisi, ndugu, ndio wenye nyumba ile.

Basi haya ndiyo nawaombeni mwaka huu wa jubilei. Kila parokia iwajue kwa majina watu wake walio ndani, wadogo kwa wakubwa, wala wasihesabiwe kuwa wagonjwa wa kuombewa tu. Sanduku la maskini litoe nauli ya kliniki, kwa maana nauli ni sehemu ya dawa. Magongo na viti vya magurudumu vilivyoachwa visioze ghalani. Vipelekwe kwa mtaalamu, vikatengenezwe na kupimwa kwa mtu mwingine. Jumuiya na zimwalike mtaalamu wa tiba ya viungo aje awafundishe watu 10 au 12 kumgeuza mgonjwa, kumwinua, na kujua dalili za hatari. Nanyi walimu, mkimwona kijana mwenye akili ya sayansi, na mikono mipole, na subira, mwambieni ya kuwa ipo kazi hii, na ya kuwa yasomewa hapa hapa nchini. Maana wengi hawaichagui kwa sababu hawajaisikia.

Tena jioni ya leo, mtakaporudi nyumbani na kumkuta yule mnayemtunza, msimwinue upesi kama mlivyozoea. Mpeni mkono, mkangoje kidogo. Huenda nusu ya kazi ataifanya mwenyewe.